Risasi moja kwa ayala na elki: inawezekana, au tunajidanganya?

#1 Mwindaji Mvivu

Wadau, salamu. Nina bunduki moja tu, ya kaliba ya .30-06, na mahali ninapowinda msimu mmoja huchanganya wanyama wawili wasiolingana hata kidogo: ayala wadogo wa kilo 25 hivi, na elki, yule wa ukoo wa ayala mwenye pembe bapa, ambaye dume lake hupita kilo 400. Kwa miaka mitatu nimetumia risasi ya aina moja kwa wote, yenye kichwa laini cha greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), na kwa ayala sijawahi kulalamika.

Mwaka huu nilimpiga elki jike akiwa mita 40, amenipa ubavu, nami nikalenga nyuma kidogo ya bega. Alijikunja, akatembea hatua chache, kisha akakimbia. Tulimkuta amelala zaidi ya mita mia mbili mbele, na njia nzima hatukuona damu isipokuwa matone mawili kwenye gogo. Wakati wa kuchuna nilikikuta kichwa cha risasi upande uleule nilioupiga, kimebanjuka kama kizibo cha soda kilichokanyagwa na gari. Nilikipima kwenye mizani ya jikoni: gramu 4.9, wakati kilitoka kwenye ganda kikiwa na gramu 9.7. Vipande vilivyochomoka ndivyo vilivyofika kwenye pafu moja.

Mwenzangu, ambaye hutumia greni 180 yenye kichwa kigumu, alimpiga ayala wiki hiyohiyo. Kichwa kiliingia na kutoka, tundu la kutokea likiwa dogo kama kitufe cha shati, na ayala akakimbia mita mia kana kwamba hakuna kilichotokea. Sasa nauliza: je, ipo risasi moja inayowafaa wote wawili, na mimi nilikosea wapi?

#2 Fundi Mtutu

Ulikosea dukani, mkuu, si msituni. Kichwa laini cha greni 150 kikitoka kwenye .30-06 huwa na kasi ya karibu mita 880 kwa sekunde, na kwa umbali wa mita 40 bado hakijapoteza kitu cha maana. Kichwa cha namna hiyo kimetengenezwa ili kichanue upesi ndani ya kifua chembamba cha ayala, kwa hiyo kikikutana na ngozi nene, msuli na mbavu za elki kwa kasi kubwa kiasi hicho, kinachanua kabla hakijaingia, kinamegeka, na safari yake inaishia hapo. Ungempiga kwa umbali wa mita 180, kasi ikiwa imeshuka, huenda kichwa kilekile kingefika mbali zaidi mwilini, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka waonyeshwe.

Chukua greni 180, na uchague vichwa vilivyoungwa, yaani vile ambavyo madini ya ndani yameshikamanishwa na gamba la shaba ili visiachane vinapogonga. Kwa elki huo mjadala umeisha.

#3 Bi Shabaha

Haujaisha, Fundi. Mleta mada anasema alilenga nyuma ya bega, na siyo kwamba alipiga nyuma ya bega. Hayo ni mambo mawili. Kichwa kilichobanjuka kiasi hicho na kubaki upande wa kuingilia kimegonga mfupa mzito, si ubavu. Ninaomba atuambie kwa uaminifu: mfupa wa bega ulikuwa mzima?

#4 Mwindaji Mvivu

Bi Shabaha, umenishika. Mfupa ulikuwa umevunjika sehemu ya chini, karibu na kiungo. Inawezekana alipiga hatua wakati ninafyatua, na mguu wa mbele ukarudi nyuma.

#5 Kipimo

Kabla hatujamhukumu mtu au kichwa chake, tuangalie nchi zinazowinda elki kwa wingi zinasema nini, maana sheria zao zilitungwa kwa swali hilihili. Uswidi inataka risasi ya elki iwe na kichwa cha gramu 9 au zaidi chenye nguvu ya juli 2,700 kwa umbali wa mita 100. Kikiwa cha gramu 10 au zaidi, juli 2,000 zinatosha. Norwei wanafanana nao, ila kwa kichwa kinachozidi gramu 10 wanataka juli 2,200. Kwa ayala mdogo Uswidi inaridhika na gramu 3.2 na juli 800. Maana yake ni kwamba risasi ya elki inaruhusiwa kwa ayala, lakini ya ayala hairuhusiwi kwa elki, kwa hiyo anayetaka risasi moja lazima aanzie kwa mnyama mkubwa na kushuka.

Tazameni pia kilichofichika katika tarakimu hizo. Mtunga sheria anasamehe nguvu pale uzito unapoongezeka, kwa sababu nguvu huhesabiwa kwa kasi iliyozidishwa kwa kasi, na kichwa chepesi chenye mbio kinaweza kuonekana shujaa kwenye boksi huku kikishindwa kupenya. Risasi ya mleta mada, kwa gramu zake 9.7 na zaidi ya juli 2,700 kwa mita 100, ilikuwa halali kabisa. Kwa hiyo uhalali peke yake haukumsaidia.

#6 Jirani wa Msitu

Mimi nashangaa mnavyokuza mambo. Waswidi na Wanorwei wamewaua elki wasiohesabika kwa 6.5x55, risasi iliyobuniwa miaka ya 1890, yenye teke dogo begani kiasi kwamba hata kijana mwembamba anaimudu. Na yule Mskoti W. D. M. Bell alijulikana kwa kuwaua ndovu zaidi ya elfu, wengi wao kwa 7x57. Kama ndovu alianguka kwa milimita 7, elki atakataa vipi? Mleta mada ahamie kwenye .308, ambayo kichwa chake ni chembamba kuliko cha .30-06 na teke lake ni pungufu, kisha ajifunze kulenga.

#7 Fundi Mtutu

Jirani, ushauri wa kulenga naupokea, lakini mengine hayako sawa. Vichwa vya .308 na .30-06 vina kipenyo kilekile, milimita 7.82, na unaweza kukitoa kimoja ukakipachika kwenye ganda la mwenzake. Kinachotofautiana ni urefu wa ganda: milimita 51 kwa 63, kwa hiyo baruti ni pungufu na kasi inashuka kidogo. Hiyo 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Mdogo wake, .308, alikuja mwaka 1952.

Kuhusu Bell, alitumia vichwa vigumu visivyochanua, na sifa yake ilitokana na kulenga ubongo kwa utulivu wa kutisha. Risasi ya aina hiyo kwa elki ni kosa, kwa kuwa sheria nilizozitaja zinadai kichwa kinachochanua.

#8 Kipimo

Zilizotajwa na mimi, Fundi.

Niongeze kwa Jirani: 6.5x55 inastahiki kwa elki kwa sababu ya vichwa vyake virefu vya greni 156, ambavyo ni gramu 10.1. Ukishuka hadi greni 140, yaani gramu 9.07, unaangukia kwenye sharti la juli 2,700, na risasi nyingi za dukani za kaliba hiyo hazifiki hapo kwa mita 100. Gramu moja inabadilisha kila kitu.

#9 Mzee wa Nyayo

Nimewasoma wote, nawashukuru, lakini ninaona mmesahau kumuuliza mnyama. Nimefuatilia elki waliojeruhiwa kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa na mbwa, na ninachojua ni kwamba elki aliyepigwa mapafu yote mawili barabara, kwa risasi yoyote mtakayoitaja, anaweza kusimama pale pale akikuangalia kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, au anaweza kutembea mita themanini kabla miguu haijamwishia. Mwili ni mkubwa na damu ni nyingi. Ubongo unaendelea kupata hewa kwa sekunde kadhaa baada ya mapafu kutoboka. Ayala mdogo hana akiba hiyo, ndiyo maana kwake kila risasi huonekana hodari.

Ukosefu wa damu njiani nao haushangazi. Kichwa hakikutoka upande wa pili, na tundu la kuingilia lilifunikwa na ngozi nene yenye manyoya iliyoteleza juu yake mnyama alipotembea, kwa hiyo damu ilijaa kifuani badala ya kumwagika. Mimi mita mia mbili nazihesabu kuwa bahati mbaya tu, wala sitafuti mshtakiwa. Kosa ninaloliona ni risasi ya pili ambayo haikupigwa. Elki akiwa bado amesimama, na ukimwona vizuri, piga tena.

#10 Bi Shabaha

Mzee, hilo la risasi ya pili nalikubali lote. Ila nina shaka na yule ayala wa mwenzake mleta mada, aliyekimbia mita mia baada ya kupigwa kwa greni 180. Kwa maelezo yako, ayala hana akiba.

#11 Mzee wa Nyayo

Binti yangu, nilisema huonekana. Ayala aliyeshtuka tayari, aliyekwisha kunusa mtu kabla ya kupigwa, hukimbia hata kama moyo umetoboka. Aliyekuwa anakula majani kwa amani huanguka karibu.

#12 Fundi Mtutu

Kwa heshima, Mzee, kuna maelezo mepesi zaidi. Kifua cha ayala wa kilo 25 kina upana wa shubiri moja hivi. Kichwa kigumu cha greni 180 kinahitaji kupata upinzani ili kichanue, na kwa shubiri moja ya mapafu, ambayo ni sifongo yenye hewa, hakipati nafasi. Tundu la kutokea lenye ukubwa wa kitufe ndilo ushahidi.

#13 Karani wa Pembe

Mada hii ina babu yake, na sijaona aliyemtaja. Mwaka 1946 John Nosler, Mmarekani aliyekuwa akiwinda British Columbia huko Kanada, alimpiga elki dume aliyekuwa amejipaka tope mwili mzima, akitumia .300 H&H, kaliba ambayo hakuna aliyeidharau. Vichwa vilichanua kwenye ngozi na tope, na mnyama hakuanguka kama ilivyotarajiwa. Alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta wa shaba: cha mbele kinachanua na hata kumegeka, cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea kusukuma. Mwaka 1948 akafungua kampuni. Kichwa hicho, Partition, bado kinauzwa, na kwa maoni yangu ndicho jibu la mleta mada, kwa sababu nusu yake ni ya ayala na nusu ni ya elki.

#14 Kipimo

Simulizi ni ya kweli, Karani, ila wazo la vyumba viwili lilikuwapo Ujerumani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, katika kichwa kilichoitwa H-Mantel. Nosler alilifikia kwa njia yake na kulifanya lienee.

Na kwa wageni wa mada: anayesoma maboksi ya Marekani awe mwangalifu, maana huko elki huyu wetu huitwa moose, na jina elk wamempa mnyama mwingine, ayala mkubwa asiye na pembe bapa. Picha iliyo kwenye boksi inaweza kuwa ya yule wa pili.

#15 Jirani wa Msitu

Tukiwa kwenye majina, mbona hatusemi kulungu kama watu wengine?

#16 Karani wa Pembe

Kwa sababu kulungu ana pembe za kudumu, na huyu huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Ayala wa Zaburi, yule anayeionea shauku mito ya maji, ndiye wa ukoo huu. Turudi kwenye risasi.

#17 Mchinjaji

Mimi hukata nyama za wawindaji, kwa hiyo naziona risasi zenu kutoka upande wa pili wa meza. Vichwa laini vyenye mbio huharibu bega zima la ayala. Nyama inakuwa nyeusi, imejaa damu iliyoganda kama uji, na ninatupa kilo mbili au tatu kutoka kwa mnyama asiyekuwa na kilo nyingi za kutupa. Kinyume na mnavyodhani, ayala waliopigwa kwa 9.3x62, ile kaliba nene aliyoibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, huniletea nyama safi zaidi kuliko waliopigwa kwa .270, kwa sababu kichwa ni kizito na kinakwenda polepole.

Kuna jambo jingine. Gramu 4.8 zilizopotea kwa mleta mada hazikuyeyuka, zimo kwenye nyama. Picha za eksirei huonyesha chembe za madini mbali na tundu, mahali ambapo kisu na jicho haviwezi kuzifuata. Madini hayo ni sumu kwa anayeyala, awe mtu au ndege wa mizoga, ndiyo maana California iliyapiga marufuku kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, na Denmark ikafuata kwa bunduki zinazotoa kichwa kimoja kwa kila mfyatuo kuanzia Aprili 2024. Lugha yetu imetutania hapa, kwa kuwa madini yenyewe yanaitwa risasi, nami sasa nawashauri watu wanunue risasi isiyo na risasi.

#18 Fundi Mtutu

Vichwa vya shaba tupu ni vizuri kwa elki, nakubali, kwa sababu havimegeki na hubaki na karibu uzito wote. Lakini shaba ni nyepesi kuliko risasi ya madini, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi, na si kila mtutu una mifuo (michirizi ya ndani) inayokizungusha vya kutosha. Kanuni ya kawaida ni kushuka daraja moja: aliyetumia greni 180 achukue 165 au 150 za shaba. Kushuka huko kunaongeza kasi, na shaba inaihitaji, maana vingi vya vichwa hivyo havichanui vizuri kasi ikishuka chini ya mita 600 kwa sekunde au karibu na hapo.

#19 Kipimo

Hapo ndipo wapenzi wa 6.5x55 wanapobanwa, Jirani. Vichwa vingi vya shaba vya kaliba hiyo vina greni 120 au 130, yaani gramu 7.8 au 8.4. Havifiki 9, hata kama vinapenya kuliko vizito vya zamani.

#20 Jirani wa Msitu

Basi sheria ndiyo iliyozeeka, si kaliba yangu.

#21 Mifuko Miwili

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo na sina utaalamu wa madini. Natoa kisa tu kwa yeyote anayefikiria kuwa suluhisho ni kubeba risasi za aina mbili. Niliwahi kufanya hivyo: greni 150 mfuko wa kushoto kwa ayala, greni 180 wa kulia kwa elki. Darubini ilikuwa imerekebishwa kwa 180, na zile 150 zilikuwa zikipiga sentimita 6 juu yake na kidogo kulia kwa umbali wa mita 100. Nilijua hivyo nikiwa nimetulia nyumbani. Asubuhi yenyewe, baada ya kupakua bunduki mara mbili kuvuka ua, nilichanganya mifuko, na elki dume alipotokea nikampiga kwa ile ya ayala. Alipatikana, namshukuru Mungu, lakini baada ya saa nne na kwa msaada wa mbwa wa mtu mwingine. Tangu siku hiyo nina boksi moja.

#22 Bi Shabaha

Asante kwa kusema wazi. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za risasi moja, na haina uhusiano na kupenya.

Nami nitoe langu. Nilinunua .300 Winchester Magnum kwa kuamini kwamba elki anahitaji nguvu, na kwa miaka miwili nilipiga vibaya bila kujua kwa nini. Rafiki yangu alinipakilia bunduki bila kuniambia kwamba ndani ya chemba ameweka ganda tupu. Nilipofyatua, mtutu ulishuka chini kama umevutwa kwa kamba: nilikuwa nalisubiri teke na kulikimbia kabla halijaja. Ninamwomba mleta mada ajaribu mchezo huohuo kabla ya kununua greni 180, kwa sababu teke lake ni kubwa kuliko la 150, na sina hakika kwamba yule elki ndiye aliyepiga hatua.

#23 Mwindaji Mvivu

Bi Shabaha, umenishika mara ya pili. Nimejaribu na rafiki, maganda matupu yakichanganywa na risasi nzima. Katika mara kumi, mtutu ulitikisika mara tatu.

Pamoja na hayo nilinunua maboksi mawili nikayapeleka kwenye shabaha ya karatasi, mita 100, nikiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Greni 180 zilizoungwa ziliingia ndani ya sentimita 4. Greni 165 za shaba zilitawanyika sentimita 9. Kwa hiyo naona bunduki imenichagulia, na nitabaki na 180 kwa wote wawili, ayala nikimlenga mabegani ili kichwa kipate cha kukipinga.

#24 Mchinjaji

Mabegani? Basi niletee shingo na mapaja, na mabega umpe mbwa.

#25 Mzee wa Nyayo

Karatasi ile haikuwa na mfupa, kijana. Sentimita 9 kwa mita 100 bado ni ndani ya mapafu ya elki mara nyingi tu.

#26 Fundi Mtutu

Swali moja kabla hujalitupa boksi la shaba. Ulianza na zipi, na ulisafisha mtutu katikati?

#27 Mwindaji Mvivu

Nilianza na 180, risasi kumi na tano, kisha nikaendelea na za shaba papo hapo. Sikusafisha.

#28 Fundi Mtutu

Basi hujazipima, maana zilipita juu ya masalio ya zile 180. Toa masalio yote kwa dawa ya kuyeyusha shaba, mpaka kitambaa kitoke bila rangi ya bluu, acha mtutu upoe, kisha piga tatu za shaba za kuuzoesha mtutu ambazo huzihesabu, na tano unazozihesabu. Utuletee karatasi.